Shimo jeusi halionekani, lakini uzito wake hupimwa

Shimo jeusi ni mahali angani ambapo nguvu ya uvutano imezidi hata mwanga hauponyoki. Kitu kama hicho hutambuliwaje? Wanafalaki huwatazama majirani wake.

Kitovu cha galaksi yetu kiko upande wa kundinyota la Mshale, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, nyuma ya vumbi lisilopenyeka kwa mwanga wa kawaida. Tangu miaka ya 1990, kundi la Reinhard Genzel, likitumia darubini zilizoko Chile, na lile la Andrea Ghez, likitumia za Keck kule Hawaii, yalilipenya vumbi hilo kwa miale ya infraredi na kufuatilia nyota mojamoja, mwaka baada ya mwaka.

Iliyofichua siri ni nyota iitwayo S2. Huzunguka pahali panapoonekana patupu kwa muda wa miaka 16 hivi. Mwaka wa 2018 ilipokaribia kabisa, ilikwenda zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde, ikiwa mbali na pahali hapo takriban mara nne tu ya umbali kati ya Jua na Neptuni. Hesabu ni ile ile ya kulipima Jua kwa mizunguko ya sayari zake. Jibu lake: uzito wa Majua milioni nne. Nyota zilizosongamana kiasi hicho zisingedumu.

Genzel na Ghez walituzwa Nobel mwaka wa 2020, pamoja na Roger Penrose. Picha, ambayo kwa wengi ndiyo ushahidi, ilikuja baadaye, Mei 2022: pete ya gesi inayong'aa kuzunguka giza, upana wake ukiafikiana na uzito uliokwisha kutolewa na S2.