Wangari Katika Picha: Nani Anaonekana?

Wapo wahakiki wanaodai kuwa katuni ni za kuchekesha tu, haziwezi kubeba historia. Mimi nakataa. Mwaka 2014 UNESCO ilitoa maisha ya Wangari Maathai kwa michoro ya Eric Muthoga na maneno ya Obioma Ofoego. Kifani, picha inamfaa mama huyu. Ukiambiwa kwamba mwaka 1989 KANU ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, naye akalipinga kwa barua, unasikia tu; ukichorewa, unapima mwenyewe nguvu za pande mbili. Jumba halikujengwa.

Lakini nilipompelekea Bibi kitabu hiki nyumbani Nyambureti, yeye asiyejua kusoma aliupita uso wa Wangari, akaweka kidole kwa akina mama waliochorwa nyuma. "Na hawa je, mjukuu wangu, hawana majina?" Nikakwama. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, lililoanza 1977, lilipanda miti kwa mikono yao, ila tuzo ya Nobel ya 2004 ilitaja jina moja. Wasifu, uwe wa maneno au wa picha, hupenda shujaa mmoja. Hivyo basi, msomaji, tuanze kusoma na wale wa nyuma.