Vifundo vya Jitu

Kitengela na Ngong ziko kaunti moja, Kajiado, lakini ukiwa mtu wa matatu, ili zionane lazima zipitie Nairobi. Unapanda 110 mpaka tao, unashuka, unavuka barabara umekumbatia begi mbele kama mtoto, halafu unatafuta 111. Namba zimefuatana kama mapacha, safari zao hazijuani. Najua ipo barabara ya Isinya kwenda Kiserian, ila Jumamosi saa kumi na moja asubuhi mtu hufuata mazoea.

Cha ajabu ni kwamba milima yenyewe naiona kila siku. Ukipanda juu ya paa letu kurekebisha antena, iko pale ng'ambo ya mbuga, vilima vimepangana kama ngumi iliyolazwa chini. Nimekulia Kitengela na sikuwahi kuuliza ngumi ya nani.

Tulikuwa kumi na wanne, wengi wetu tukijuana kwa WhatsApp pekee. Lango la msitu tulipewa askari mwenye bunduki, kwa sababu kumewahi kuwa na wezi huko juu na pia kuna nyati. Nani wa kuogopwa zaidi, askari hakusema. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kimaasai, shuka jekundu, akala miguuni, fimbo mabegani. Sisi tulikuwa na buti za mitumba ya Gikomba na fimbo za chuma zinazokunjika. Aliziangalia, akacheka, akasema, "Haya vijana, twende polepole. Mlima hauhami."

Kuhusu ngumi, hadithi inajulikana na watu wengi wa huku, kila mmoja na namna yake. Jitu lilikuwa likitembea kutoka kusini, likajikwaa Kilimanjaro, likaanguka kifudifudi. Mwili ukamezwa na ardhi, vikabaki vifundo vya vidole. Mzee aliisimulia kwa dakika moja tu, kama mtu anayetoa chenji. Wengine walikuwa wakipiga selfi chini ya vinu vya upepo, na si vibaya, vinu navyo vina historia yake. Vya kwanza vilisimamishwa hapa 1993, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na vikubwa hivi vikafuata kuanzia 2009. Ukisimama chini ya kimoja unasikia hewa ikikatwa, vuu, vuu, vuu.

Jina Ngong lenyewe lina kamba ndefu. Wengi hulitoa kwenye Kimaasai, enkong'u e muny, chemchemi ya kifaru. Enkong'u ni jicho na ni chemchemi pia. Kwamba lugha ina neno moja la mahali maji yanapotoka na mahali machozi yanapotoka, hilo nililifikiria karibu kilomita mbili nzima. Vifaru hapa hakuna tena. Nyati wapo, tuliona kinyesi kibichi na mzee akatubadilishia njia bila kutuambia kwa nini mpaka tulipofika mbali.

Misafara ya pwani ilipaita hapa Ngongo Bagas. Mtu anayedhani kutembea milimani kwa kuongozwa ni starehe ya juzi anafaa kufikiria watu hao: wapagazi kutoka Mombasa na Pangani, mizigo ya shanga, nguo na waya wa shaba kichwani, miezi kadhaa kwa miguu kupitia nchi ya Wamaasai. Pembe za ndovu ndizo zilizowaleta. Ngongo Bagas ilikuwa kama stejini: ukingoni mwa msitu, unanunua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuingia Bonde la Ufa. Na kabla ya kufika hapo umeshalipa hongo kwa morani mara ngapi sijui. Ndiyo, neno ni hilo hilo. Wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtu, wala halikuwa neno la aibu.

Mwaka 1883 Mskoti aitwaye Joseph Thomson alipita njia hii. Vitabu vya shule vinasema "aligundua". Alichofanya kwanza ni kujaribu kuingia, akaona hali ni mbaya, akarudi mpaka Mombasa. Alipojaribu tena alijiunga na msafara wa mfanyabiashara wa Pangani, Jumba Kimameta, aliyekuwa akiijua njia tangu zamani. Wakapita nchi ambayo leo ni Kajiado, kuanzia chini ya Kilimanjaro, kwenye uwanda mkavu wa Amboseli, mpaka kufika Ngong. Kwa maneno mengine, alikuwa na gaidi kama sisi. Tofauti ni kwamba jina lake likapewa maporomoko ya maji na swala, na la Kimameta unalipata ukisoma kwa makini sana.

Thomson alijifanya laibon. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayatoa na kuyarudisha mbele ya morani. Tena akaweka chumvi ya Eno kwenye maji, ile ile Eno tunayonunua dukani tukishiba nyama kupita kiasi, ikachemka bila moto. Ameandika mwenyewe kwenye kitabu chake, kwa fahari. Nilipomsimulia mzee, hakucheka nilivyotarajia. Alisema, "Labda waliona ni mgeni tu mwenye kucheza. Mgeni akicheza, unamwacha acheze." Sijui ni nani alikuwa akimlaghai nani.

Laibon halisi wa wakati ule alikuwa Mbatiany. Na hapa ndipo niliposimama, kihalisi, nikakaa juu ya jiwe. Desemba iliyopita wenzangu wawili kwenye kikundi walipanda Mlima Kenya mpaka Point Lenana, mita 4,985, wakapiga picha na ubao. Niliwauliza Lenana ni nani. Mmoja akasema ni shule.

Lenana, au Olonana, alikuwa mwana wa Mbatiany. Inasimuliwa kwamba mzee alipokaribia kufa, mnamo 1890, alimwambia mwana wake Sendeyo aje asubuhi apokee vifaa vya ulaibon. Olonana akasikia, akawahi kabla hakujapambazuka, na baba ambaye macho yalishafifia akampa baraka yeye. Ukiijua hadithi ya Yakobo na Esau utashtuka. Kama ilitokea hivyo au ilitungwa na upande ulioshindwa, lililofuata halina utata: ndugu wakagawanyika, wafuasi wao wakapigana miaka mingi, katika wakati mbaya kabisa, kwani sotoka ilikuwa imeua ng'ombe na ndui imeua watu. Olonana akakimbilia kwa Waingereza huku upande wa Ngong, na Waingereza wakamfanya chifu mkuu wa Wamaasai, cheo ambacho Wamaasai hawakuwa nacho. Sendeyo alisalimu amri 1902.

Mackinder, Mwingereza aliyepanda Mlima Kenya 1899, ndiye aliyevipa vilele majina ya ukoo huo: Batian, Nelion, Lenana. Kipo na Sendeyo, mita 4,704, pembeni. Hata kwenye mawe, ndugu aliyepokonywa baraka yuko chini zaidi.

Mzee alituonyesha upande wa magharibi. Kule ukingo hushuka ghafla, na hewa inapanda na joto kama umefungua mlango wa jiko. Chini ni Bonde la Ufa, Suswa, na Kedong kwa kaskazini. Novemba 1895 msafara wa Wakikuyu na Waswahili uliokuwa ukirudi Fort Smith ulizozana na Wamaasai huko Kedong kuhusu wasichana na maziwa, na mamia ya watu wa msafara wakauawa. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza, Andrew Dick, aliwafuata Wamaasai kulipiza, akauawa pia. Uchunguzi wa serikali ukasema msafara ndio uliochokoza. Hivyo urafiki na Olonana ukaendelea, na gharama ya urafiki ikaja baadaye: mkataba wa 1904, uliowatoa Wamaasai Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi. Wakagawanywa, wengine Laikipia, wengine huku kusini. Ardhi hiyo, mkataba ukasema, itakuwa yao maadamu Wamaasai wapo. Ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 Olonana alikufa, na mwaka huo huo mkataba wa pili ukawatoa walioko Laikipia, na Waingereza wakadai huo ndio uliokuwa wosia wake. Wamaasai walienda mahakamani 1913, kesi ya Ole Njogo. Ikatupwa, kwa hoja kwamba mikataba ilikuwa kati ya mataifa mawili, kwa hiyo korti haiwezi kuigusa. Yaani walitambuliwa kuwa taifa siku ile tu ambayo utaifa ungewanyima haki.

Hapo kikundi kilinyamaza kidogo. Halafu mtu akauliza kama tutapitia kaburi la yule mzungu wa sinema.

Kaburi liko, mteremko wa mashariki. Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani, ndege yake ilianguka Voi Mei 1931, na Karen Blixen akamzika huku Ngong. Blixen aliandika kwamba simba dume na jike walikuwa wakija kulala juu ya kaburi. Sinema ikatoka 1985, watalii wakafuata. Sina ugomvi na marehemu. Ila mapenzi ya watu wawili yana mnara na njia yake, na kule juu sikuona hata kibao kimoja kinachotaja jina la Olonana au la Kimameta.

Mzee alipenda zaidi kuzungumza juu ya Nguruman, mbali upande wa Magadi, ambako yeye huongoza watu siku nne au tano na punda wa kubeba mizigo, kupanda mpaka Loita. Kule juu uko msitu wa Naimina Enkiyio, Msitu wa Mtoto Aliyepotea. Msichana alikuwa akichunga ndama, ndama wakaingia msituni, akawafuata. Ndama walirudi jioni. Yeye hakurudi. Miaka ya 1990 baraza la kaunti ya Narok lilitaka kuufanya hifadhi ya watalii, na Waloita wakapinga mpaka mahakamani, kwa sababu msitu ule ni wa ibada, wa dawa na wa malisho ya kiangazi. Bado uko mikononi mwao. "Wangeuchukua," mzee alisema, "sasa hivi ungekuwa umepotea pamoja na mtoto."

Tulifika Lamwia, kilele cha juu kuliko vyote, saa saba hivi. Hewa ilikuwa safi na mashariki ilionekana yote: Nairobi, kijani cha mbuga, halafu mabati yanayometameta mpaka yanapoisha nguvu za macho.

"Kwenu wapi?" mzee akaniuliza.

Nikamwonyesha. Kitengela, nikasema, pale.

"Pale," akarudia. Akanyoosha fimbo yake, akachora hewani mstari kutoka mbugani kwenda kusini. Mbuga ya Nairobi ilitangazwa 1946 na upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke na kurudi. Mvua ikinyesha nyumbu wanashuka tambarare za Kaputiei kuzaa, kiangazi kikija wanarudi mtoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya elfu ishirini. Halafu ranchi ya pamoja ikagawanywa miaka ya 1980, EPZ ikaja Athi River, watu wakahitaji pa kulala, na mashamba yakakatwa hamsini kwa mia. Kuanzia 2000 familia kadhaa zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushe ua. Ploti ilikuwa inalipa zaidi. Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuua mbuzi. Machi 2016 simba Mohawk alipigwa risasi Isinya. Nyumbu waliobaki ni elfu chache.

"Nyinyi mko njiani," mzee alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama konda anayekuambia usimame vizuri watu wapite. Nilitaka kumjibu kwamba baba alinunua kihalali, kwa mkopo wa sacco alioulipa mpaka nikamaliza shule, na kwamba aliyetuuzia alikuwa Mmaasai. Lakini hayo alikuwa anayajua. Kwenye mteremko wa Kona Baridi, bila kuulizwa, aliniambia kwamba baba yake pia aliuza.

Nilifika nyumbani usiku. Baba alikuwa uani na tochi ya simu, akihesabu mawe ya ndarugo yaliyoletwa na lori mchana. Tunang'oa ua wa kaiyaba tujenge ukuta. Nilimuuliza kama aliwahi kuona nyumbu hapa.

"Wale?" akasema. "Mwaka ule wa msingi. Niliamka asubuhi nikawapata wamesimama ndani ya mtaro, kumi na kitu. Walikuwa hawajui waende wapi."

"Ukafanya nini?"

"Niliwarushia mawe," akasema, na akarudi kuhesabu.