Kutu Iliyosafisha Gesi ya London

Mwaka 1812 kampuni ya Gas Light and Coke ilipewa hati ya kifalme ya kuiangazia London kwa gesi ya makaa ya mawe. Mwanga ulisifiwa, harufu ilikuwa jambo jingine. Makaa yakichomwa ndani ya matanuri yasiyoingia hewa hutoa pia haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza, na ikizidi huua. Majumbani ilitia weusi vyombo vya fedha. Ikiungua kwenye taa iligeuka dioksidi ya salfa, ikawasha koo na kula majalada ya ngozi ya vitabu.

Dawa ya kwanza ilikuwa chokaa. Fundi Samuel Clegg aliipitisha gesi katika maji ya chokaa. Baadaye ikatumika chokaa iliyo nyevunyevu tu. Gesi ilitoka safi, lakini uvundo ulihamia kwenye chokaa. Ile ya majimaji ilimwagwa mitoni, na siku ya kufungua masanduku ya ile kavu mtaa mzima ulijua. Waliokaa jirani na viwanda hivyo, wengi wao maskini, ndio waliovuta kile kilichoondolewa kwenye taa za matajiri.

Mwaka 1849 Frank Hills, mtengenezaji wa kemikali wa Deptford, alipata hataza ya kusafisha gesi kwa oksidi ya chuma iliyo na maji ndani yake. Kwa Kiswahili cha karakana, kutu. Hataza hiyo ilizaa kesi mahakamani, jambo linaloonyesha jinsi ilivyokuwa na fedha ndani yake.

Kutu peke yake hushikamana, gesi ikakosa njia. Basi waliichanganya na unga wa mbao ili iwe na vitundu, wakaitandaza kwa matabaka ndani ya masanduku mapana ya chuma, mifuniko ikizibwa kwa maji. Gesi ilipenya taratibu na salfa ikanaswa. Kujua kama sanduku limechoka kulikuwa rahisi: karatasi iliyolowekwa katika asetati ya risasi ikigeuka nyeusi mbele ya gesi, salfa imeanza kupita. Hapo mchanganyiko ulitolewa nje na kuanikwa. Oksijeni ya hewa ilirudisha kutu na kuiacha salfa tupu humohumo. Ilibidi lundo ligeuzwegeuzwe, maana badiliko hilo hutoa joto, na wazembe walijikuta wanazima moto.

Kutu ileile ilirudishwa kazini tena na tena mpaka salfa ikakaribia nusu ya uzito wake, kisha ikauzwa kwa watengenezaji wa asidi ya salfuriki. Hapo ndipo naona ukubwa wa jambo hili kuliko kwenye hataza yenyewe: sumu ilipata mnunuzi. Si yote, lakini. Masalia yenye sainidi, sumu nyingine ya gesi hiyo, yalifukiwa, na udongo wake wa buluu bado huchimbuliwa kwenye viwanja vya zamani vya gesi huko Ulaya.

Mkaa, kisafishaji kingine cha gesi, ulikuja kwa njia nyingine. Baada ya shambulio la klorini huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, Nikolay Zelinsky wa Urusi alitengeneza barakoa ya mkaa ulioamilishwa. Mwaka 1918 Wamarekani walikuwa wakikusanya kokwa za pichi na vifuu vya nazi kwa kazi hiyo. Gramu moja ya mkaa huo ina eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Viwanda navyo vikaufuata. Mwaka 1973 zebaki iliyokuwamo katika gesi asilia iliharibu mitambo ya alumini huko Skikda, Aljeria, na mkaa uliotiwa salfa ukawa kinga ya kawaida.

Mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa wanakemia Kitagawa, Robson na Yaghi kwa fuwele za metali na molekuli za kaboni ambazo baadhi hufikisha eneo la ndani la mita za mraba 7,000 kwa gramu. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini ghali. Katika mitambo mingi midogo ya biogesi, kinachoondoa harufu ya mayai viza bado ni oksidi ya chuma.