Wasimamizi wa Watu Wanaojitolea: Kutoka Nsumba Ntale hadi Mratibu wa Kisomo

Msomaji wa historia ya nchi yetu hukutana mara nyingi na habari za wananchi waliojitolea. Atasoma habari za waliolima barabara, waliofyatua matofali ya shule, na waliowafundisha wazee wao kusoma na kuandika usiku baada ya kazi za shamba. Ni haki yao kuandikwa. Lakini nyuma ya kila kundi la watu wa namna hiyo alikuwako mtu aliyewaita, akawagawia kazi, akasuluhisha ugomvi wao, na jua lilipotua akahesabu majembe yaliyorudi na yale yasiyorudi. Huyo aghalabu hatajwi. Katika insha hii twakusudia kumtafuta, na kuuliza jambo ambalo halijaulizwa vya kutosha: yeye aliyewashika mkono wengine, alishikwa mkono na nani?

Yafaa kwanza tuielewe shida ya kazi yake. Msimamizi wa vibarua anao mshahara wa kukata. Kamanda anayo amri. Msimamizi wa watu wanaojitolea hana hata kimoja kati ya hivyo. Mtu akiamua kutokuja kesho, hapana sheria iliyovunjwa. Silaha yake ni ulimi wake na heshima aliyojijengea, navyo huisha upesi vikitumiwa ovyo.

Wazee wetu waliijua shida hii, na baadhi yao waliitafutia dawa. Tuchukue mfano wa Usukuma. Huko kila kijiji kilikuwa na umoja wa vijana wa kulima pamoja, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Mtu huyu hakuteuliwa na mtemi. Alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Yeye ndiye aliyeamua kundi lianze shamba la nani na limalizie kwa nani, na ndiye aliyehakikisha kwamba mwenye shamba hakuwadhulumu vijana chakula chao. Aliyekosa kuja bila sababu alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa: akiuguliwa au akifiwa, majirani hawakuonekana mlangoni kwake. Lakini uwezo huo haukuwa wa nsumba ntale peke yake. Ulitoka kwa umoja mzima, nao umoja huo ndio uliomkinga yeye na lawama. Kadhalika manju wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hawakuwa waimbaji tu. Walisimamia vijana wengi wasiolipwa, na kila manju alikuwa na chama nyuma yake cha kumtetea na cha kumkosoa.

Kwa Wapare desturi ya kufanya kazi kwa pamoja ilijulikana kwa jina la msaragambo, neno ambalo baadaye lilienea hata nje ya milima yao. Huko pia palikuwa na waangalizi wa kazi, hasa kazi ya kuchimba na kusafisha mifereji ya maji. Hapo hatutakaa sana, kwani mambo ni yale yale: kazi ni ya wote, na mwangalizi ni mtu wa wale anaowaangalia.

Ukoloni uliharibu jambo hili kwa namna ambayo twadhani bado haijapona. Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya kijiji katika sehemu za pwani ya kusini, na watu wakatakiwa wafanye kazi humo siku 28 kwa mwaka chini ya majumbe na maakida. Kwa sura ya nje shamba hilo lilifanana na kazi za pamoja za mababu: watu wengi, shamba moja, mwangalizi mmoja. Kwa ndani lilikuwa kinyume chake. Mwangalizi hakuchaguliwa na waliolima, mavuno hayakuwa yao, na malipo yalikuwa haba hata baadhi yao wakakataa kuyapokea. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza katika nchi ya Wamatumbi, mashina ya pamba ndiyo yaliyong'olewa kwanza. Tangu siku hizo neno mnyapara limekuwa chungu kinywani. Na kila serikali iliyokuja baadaye ikasema “jitoleeni”, wako wazee waliosikia sauti ya akida.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wito ulikuwa Uhuru na Kazi. Katika miaka ya mwanzo wananchi walijenga barabara, visima, shule na zahanati kwa mikono yao, na wingi wa majengo hayo ukawashangaza hata wapangaji wa mipango. Mahali pengine jengo lilikamilika, mwalimu wala mganga asipatikane. Aliyebaki kuulizwa na wanakijiji hakuwa waziri. Alikuwa yule bwana au bibi wa maendeleo aliyewakusanya wafyatue matofali.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ile ya kisomo cha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mapambano yakaanza kwa nguvu katika wilaya chache, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi. Na Septemba 1971 Mkutano Mkuu wa TANU uliamua kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchini ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila mia walikuwa hawajui kusoma. Walimu wa shule za msingi wasingetosha hata kidogo. Wakaitwa vijana waliomaliza darasa la saba, watumishi wa dini, makarani, na yeyote aliyejua kusoma na mwenye moyo wa kumfundisha mwingine. Hao ndio walioitwa walimu wa kujitolea. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, ambazo hazikuwa mshahara bali shukrani.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12 vikundi vya wananchi, watu wapatao milioni mbili, vilisikiliza redio, vikasoma kitabu, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Viongozi wa vikundi waliofunzwa kwa kazi hiyo walikuwa kiasi cha 75,000. Tuitazame hesabu hiyo kwa makini, vijana wetu, kwa kuwa ndani yake mna fundisho la kazi. Watu 75,000 hawafunzwi na mtu mmoja. Walifunzwa kwa ngazi: wachache wa taifa waliwafunza wa mikoa na wilaya, na hao wakawafunza viongozi wa vikundi. Kila ngazi ilikuwa na mtu wa kumwuliza aliye juu yake. Kwa majuma 12 mpango huo ulitosha. Lakini darasa la kisomo halikuwa la majuma 12. Lilikuwa la miaka.

Hapa ndipo anapoingia mtu tunayemtafuta. Wilayani aliwekwa afisa wa elimu ya watu wazima, na baadaye katani akawekwa mratibu. Mratibu huyo alikuwa na vituo vingi, na walimu wa kujitolea ambao hakuwaajiri wala hakuweza kuwafukuza. Tunamkumbuka mmoja wao. Tulipokuwa na umri wa miaka minane tulikuwa tukimbebea mama yetu kandili kwenda darasani jioni, na mara kwa mara tulimkuta mratibu amefika kwa baiskeli, mavumbi mpaka magotini, mfuko wa chaki begani. Hakuanza kwa kukagua rejista. Alianza kwa kumwuliza mwalimu habari za nyumbani kwake. Mwalimu wetu alikuwa kijana aliyefundisha wakwe zake, jambo lenye haya nyingi, na mwanakisomo mmoja mzee alikataa katakata kusahihishwa naye. Mratibu alilimaliza kwa kumkalisha mzee yule aongoze usomaji wa ubaoni, kijana akae pembeni kama msaidizi. Hekima ile haimo katika waraka wowote tuliousoma baadaye tulipoingia katika utumishi.

Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulifanywa na watu wapatao milioni 3.8. Hesabu za wasiojua kusoma zilishuka hadi asilimia 39, kisha 27 mwaka 1977, na mwaka 1986 zikatangazwa kuwa chini ya 10. Fahari hiyo ni yetu sote.

Je, mratibu alisaidiwa na nani? Palikuwa na kamati za elimu ya watu wazima kuanzia taifa hadi kituo, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake yenyewe mwaka 1975, ilifundisha wengi. Lakini kamati si chama. Kamati huuliza: umefikisha wanakisomo wangapi? Chama cha watu wa kazi moja huuliza: umewezaje, na mwenzako ameshindwaje? Viongozi wa juu walikuwa nacho chama cha namna hiyo. Wenzao wa Afrika Mashariki na Kati walikuwa wameungana mwaka 1964, na mwaka 1968 umoja huo ukapanuka kuwa wa Afrika. Mwaka 1984 uliungana na jumuiya nyingine ya kisomo, makao yakawa Nairobi. Na Juni 1976 Dar es Salaam ilipokea mkutano mkubwa wa dunia wa elimu ya watu wazima, uliofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Mambo mazuri yalisemwa. Mratibu wa kata, kwa kadiri tulivyoshuhudia sisi, aliyasikia kwenye redio.

Tusidhani kuwa chama peke yake ni dawa. Huko Marekani waratibu wa watu wanaojitolea hospitalini waliunda chama chao mwaka 1960. Kikakua, kikapokea waratibu wa kazi nyingine, kikatunga maadili ya kazi, na bado mwaka 2006 kilivunjika kwa sababu ya fedha. Hapa kwetu UKUTA, chama cha washairi kilichoanzishwa 1959, hakikuwa na fedha za kutamba nazo, lakini mshairi wa Dodoma aliweza kumkosoa mshairi wa Tanga na wote wawili wakanufaika. Mathias Mnyampala, mtumishi wa serikali na kiongozi wa chama hicho, alikuza ngonjera ambazo baadaye zilighaniwa katika madarasa mengi ya kisomo. Tunakiri upendeleo wetu kwa washairi. Hata hivyo twaona kwamba waratibu walistahili japo hicho: mahali pa kukosoana bila kuogopa ripoti.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na shida za uchumi zilizofuata, mafuta ya taa yaliadimika, vitabu vikachakaa, na shilingi 30 za mwaka 1971 hazikuwa tena shilingi 30. Posho zilichelewa. Walimu wa kujitolea hawakuandamana. Waliacha tu kuja, mmoja mmoja. Sensa ya mwaka 2002 ilipofanywa, waliojua kusoma miongoni mwa watu wazima walikuwa karibu saba tu katika kila kumi.

Sisi wenyewe, tukiwa watumishi wapya katika ofisi moja ya wilaya ambayo hatutaitaja, tulipewa kazi ya kupanga mafaili ya zamani ya kisomo. Tulikuta humo barua 11 za mratibu mmoja wa kata, zote juu ya jambo moja: posho ya walimu wake. Barua ya kwanza inaanza kwa salamu ndefu na hesabu ya wanakisomo waliofaulu. Ya tano haina salamu. Katika ya mwisho anaeleza kwamba ameuza baiskeli yake akawagawia walimu wanne, na anaomba aelekezwe fedha hiyo aiandike katika fungu gani. Pembeni, kwa wino mwekundu, karani ameandika: “Imeonwa.”