Spoku za Chicago na reli ya Nachingwea

Haya wadau, bumu bado halijatoka, kwa hiyo wiki nzima nashinda maktaba. Leo nawaletea historia ya chuma.

Mwaka 1893 kule Chicago, Marekani, mjenzi wa madaraja George Ferris alisimamisha gurudumu la kupandisha watu, kimo chake mita 80 hivi, lishindane na mnara wa Eiffel wa Paris. Lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja watu 60. Pigeni hesabu: watu 2,160 hewani kwa mpigo! Siri yake ni ileile ya baiskeli zetu za Likunja. Spoku ni nyembamba, ukiisukuma inapinda, ila ukiivuta haikatiki kirahisi. Ferris alikaza vyuma vyembamba kutoka ukingoni mpaka kwenye ekseli, vikawa vinavutana. Gurudumu likawa jepesi na imara.

Halikuanguka. Ila maonyesho yaliisha, wapandaji wakapungua, madeni yakaja. Mwaka 1906, likiwa St. Louis, likalipuliwa kwa baruti likauzwa chuma chakavu.

Sasa turudi Kusini. Madogo wengi huku kwetu hawajui kwamba Nachingwea ilikuwa na treni! Waingereza walijenga reli kwa ajili ya mradi wa karanga, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea kutoka Mkwaya, karibu na Lindi. Mradi wenyewe uliachwa 1951, zaidi ya paundi milioni 30 zimeshakwenda. Mwaka 1954 reli ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, lakini mzigo wa kutosha haukupatikana. Ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa.

Mtu akiniambia mafundi walishindwa, nakataa. Hesabu ya chuma ilikuwa sawa kote kuwili. Iliyokosewa ni hesabu ya mzigo: nani atapanda, kitabebwa nini, kwa miaka mingapi? Karanga zilipangwa London kabla mvua na udongo wa huku havijapimwa vizuri.

Siku hizi Ruangwa inatajwa kwa madini ya kinywe. Mimi reli naitaka, tena sana. Ila tuulize mapema: madini yakiisha itabeba nini? Korosho na ufuta wetu vimo kwenye hiyo hesabu? Nikienda mazoezi ya kufundisha, hilo ndilo swali la kwanza nitakaloandika ubaoni.

Haya, testi ya Jumatatu inaningoja.