Taarabu Si Yetu?

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi hapa Bariadi ni kwamba taarabu si yetu. Wazee husema mbina zinakufa, wanawake wamekimbilia mambo ya Waswahili. Hoja hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye somo langu la uzamili, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoiona imekaa upande.

Maana hata huko pwani taarabu ilikuja kwa meli. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Ulikuwa muziki wa kasri, wa Kiarabu, wa wanaume. Ikhwani Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, nayo ilikuwa ya wanaume.

Aliyeutoa nje muziki huo alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake. Alikuwa muuza vyungu. Jina la Siti, yaani bibi wa heshima, alilipata baadaye kwa sauti yake. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wimbo wake "Kijiti" unamhusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na mahakama iliyomwacha muuaji akaponyoka huku wanawake wenzake marehemu wakiadhibiwa. Hebu fikiria: binti wa watumwa anachukua burudani ya mabwana na kuishtakia mahakama yao. Siti binti Saad alikuwa na haki gani na kanuni na udi? Ileile aliyo nayo mama wa Itilima.

Bara taarabu iliingia kwa redio, kisha kwa magari ya vikundi. Miaka ya 1990 Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ilikuwa na Khadija Kopa, Muungano ilikuwa na Nasma Khamis, na wawili hao wakarushiana mipasho nchi nzima ikisikiliza. Wengine waliona ni matusi tu. Mimi nadhani Wasukuma waliutambua mchezo mara moja.

Kwani Bagika na Bagalu ni nini? Ni jamii mbili za ngoma zinazoshindana msimu wa mavuno: zinacheza wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huhamia kwa aliye bora. Manju huishi kwa kumchoma mpinzani kwa mafumbo. Mtu aliyekulia hapo hahitaji kufundishwa mipasho. Tofauti ni kwamba uwanjani sifa kubwa huenda kwa manju mwanamume, na kwenye taarabu anayesema ni mwanamke.

Hilo linaonekana kwenye kicheni pati, pamba ikishauzwa na harusi zikianza. Mwalimu kutoka Bukoba, muuza dagaa, mke wa askari aliyehamishwa kutoka Mbeya, mashangazi wa Kisukuma: wote husogea mbele taratibu, khanga kiunoni, noti mkononi. Mtu akienda kutunza kwenye beti fulani huku akimtazama wifi yake, ukumbi mzima unajua. Hakuna kikao cha ukoo kinachowapa nafasi hiyo. Kwenye kikao wanakaa nyuma, wanapika.

Linalonikera mimi si asili ya muziki, ni flashi. Nyimbo zote zinatoka Dar es Salaam. Mwanamke wa hapa huchagua tu ni beti ipi imsemee. Siti alitunga. Manju hutunga. Hapa bado tunaazima maneno ya ugomvi wa watu wengine, ingawa harusi moja Maswa nilimsikia mama mtu mzima akipokea kipaza sauti ala zikiendelea, akaanza kuimba Kisukuma juu yake, akimtaja shemeji aliyeuza ng'ombe wa marehemu. Mpiga muziki alitaka kuzima. Wanawake wakamzuia, akarudia ala ile mara tatu.