Minyoo Shuleni: Somo Kutoka Busia

Leo hatutaanza na dawa bali na historia, kwa sababu kuna mambo ambayo mama akijua yalivyoanza huwa hayapuuzi tena.

Wengi wenu mnakumbuka maziwa ya Nyayo. Yalianza mwaka wa 1979, na kwa miaka mingi watoto wa shule za msingi walipata pakiti zao bila malipo. Lilikuwa jambo jema. Lakini katika sehemu nyingi mtoto alipokunywa maziwa yale, minyoo tumboni ilikunywa naye.

Tuelekee sasa Wilaya ya Busia, kama ilivyoitwa wakati huo, katika tarafa za Funyula na Budalangi karibu na Ziwa Victoria. Mwaka wa 1998 shirika moja la Kiholanzi, ICS, lilishirikiana na Wizara ya Afya kuanza kutoa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi zenye watoto zaidi ya 30,000. Shule hazikuanza zote pamoja. 25 zilianza mwaka 1998, nyingine 25 mwaka 1999, na za mwisho zikasubiri hadi 2001. Kwa hiyo watafiti wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, waliweza kulinganisha waliopata dawa na waliokuwa bado wakingoja.

Watoto walipopimwa choo, zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa na aina fulani ya minyoo. Hebu fikiria darasa zima! Wengine walikuwa na ile mirefu kama nyungunyungu, wengine minyoo ya safura inayonyonya damu, na wale wa karibu na ziwa walikuwa na kichocho. Mtoto wa aina hii si lazima alie. Huchoka tu. Husinzia darasani, tumbo humuuma asubuhi, nawe unadhani anakwepa shule. Pengine hata umemchapa.

Baada ya dawa, utoro wa wanafunzi katika shule zile ulipungua kwa karibu robo. Alama za mtihani hazikupanda, na ni vizuri tuseme hivyo wazi: dawa ya minyoo haimfundishi mtoto hesabu. Inamwezesha kufika darasani.

Jambo lingine liliwashangaza wengi. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walipungukiwa na minyoo, wakiwemo wa shule za jirani. Ukijua njia ya minyoo utaelewa. Mayai yake hutoka na choo kikubwa. Mtoto akijisaidia kichakani au nyuma ya nyumba, mayai hubaki kwenye udongo. Mengine humrudia mwenzake kwa mikono michafu, kwa mboga isiyooshwa au embe lililookotwa chini. Minyoo ya safura yenyewe hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Kwa hiyo mtoto wa jirani akitibiwa, udongo wako pia unapata nafuu. Asipotibiwa, wako atameza dawa leo na kuambukizwa tena baada ya miezi michache.

Mwaka wa 2001 lilijaribiwa jambo la kuchangia gharama. Wazazi wa baadhi ya shule waliombwa ada ndogo, kwa wastani chini ya nusu dola ya Marekani kwa mtoto. Matokeo? Pale dawa ilipokuwa ya bure, watoto kama 75 kati ya 100 waliimeza. Palipoombwa pesa, walibaki kama 18 tu. Wako waliosema akina mama hawajali. Mimi sikubaliani nao. Mama mwenye shilingi chache na watoto watano hununua unga kwanza, hasa ikiwa ugonjwa wenyewe hauonekani kwa macho.

Watoto walifundishwa pia kunawa mikono, kuvaa viatu na kutooga katika maji ya ziwa. Watafiti walipochunguza, tabia hizo hazikuwa zimebadilika. Sishangai. Utamwambiaje mtoto anawe na sabuni hakuna? Avae viatu gani?

Mwaka wa 2009 serikali ilipeleka dawa katika shule za sehemu nyingi za nchi, na mwaka wa 2012 Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya zikaanzisha upya mpango wa kitaifa. Katika mwaka wake wa kwanza watoto zaidi ya milioni 5 walipata dawa. Walimu wenyewe walifundishwa kuitoa. Kwa minyoo ya kawaida ni albendazole, kidonge kimoja cha kutafuna. Kwa kichocho ni praziquantel, ambayo vidonge vyake huhesabiwa kwa kimo cha mtoto, naye anatakiwa awe amekula kwanza. Chekechea waliitwa, na hata wasiosoma waliambiwa waje.

Basi siku ya dawa ikitangazwa shuleni au barazani, usimfiche mtoto nyumbani kwa sababu umesikia mtoto fulani alitapika. Mwenye minyoo mingi anaweza kuumwa na tumbo au kichefuchefu kidogo, na mara nyingi hupita siku hiyo hiyo. Aliye mgonjwa siku hiyo mwambie mwalimu asubiri hadi apone. Mdogo wa mwaka 1 hadi 5 mpeleke kliniki kila miezi 6, apate dawa ya minyoo pamoja na vitamini A.

Na sabuni? Chukua mtungi wa plastiki, utoboe tundu dogo, uninginize kando ya choo, na kipande cha sabuni ukifunge kwa kamba. Ndicho kibuyu chirizi. Ukimaliza chako, mwonyeshe mama jirani anavyoweza kutengeneza chake, maana watoto wenu wanacheza udongo mmoja.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kichocho, hasa kwa akina mama wanaofua ziwani. Hadi wakati huo, kwaheri ya kuonana.